Heinrich Hertz, mwanafizikia ambaye jina lake liko kwenye kila modemu ya wifi

Alifariki dunia mjini Bonn, Ujerumani, tarehe 1 Januari 1894, akiwa na umri wa miaka 36. Hakusikia radio hata siku moja, wala hakuona televisheni. Lakini leo, mkaaji wa Goma, Bukavu ao Lubumbashi anapotaka kuunganisha ordinateri ya nyumbani kwa intaneti bila waya, anakutana na jina la mtu huyo. Modemu nyingi zinatoa wifi mbili: moja ya 2,4 GHz na nyingine ya 5 GHz. Herufi Hz ni kifupi cha Hertz, na G ni giga, maana yake bilioni moja.

Heinrich Hertz ndiye aliyehakikisha kwa majaribio kwamba umeme unaweza kusafiri hewani kwa njia ya mawimbi, kutoka chombo kimoja hadi kingine, bila waya kuviunganisha. Mambo aliyoyaona katika ukumbi wake wa masomo kati ya mwaka wa 1886 na 1888 yanaeleza hata sasa kwa nini ordinateri inashika wifi vizuri katika chumba kimoja na kushindwa katika chumba cha pili.

Mtoto wa mji wa bandari

Hertz alizaliwa tarehe 22 Februari 1857 mjini Hamburg, mji mkubwa wa bandari kaskazini mwa Ujerumani. Baba yake, Gustav Ferdinand Hertz, alikuwa avoka, na baadaye akawa seneta wa mji. Upande wa baba familia ilikuwa ya asili ya Kiyahudi, lakini baba aliingia katika kanisa la Kiprotestanti tangu utoto wake. Jambo hilo halikumletea Heinrich shida kubwa maishani. Lilikuja kuisumbua familia yake zaidi ya miaka 30 baada ya kifo chake. Mama yake, Anna Elisabeth Pfefferkorn, alikuwa binti wa daktari. Heinrich alikuwa mzaliwa wa kwanza kati ya watoto watano.

Shuleni alikuwa mwepesi wa lugha, hata akajifunza Kiarabu. Lakini mikono yake pia haikutulia. Nyumbani alipenda kazi ya useremala na ya kuchonga chuma, akajitengenezea mwenyewe vyombo vya majaribio. Ufundi huo wa mikono ulimsaidia sana baadaye, kwani vyombo alivyohitaji havikuuzwa popote.

Kijana Hertz alifikiri kwanza kuwa injenia wa majengo. Alifanya mazoezi ya kazi mjini Frankfurt, akasoma kidogo mjini Dresden, kisha akatumikia jeshi kwa mwaka mmoja katika kikosi cha reli mjini Berlin. Mwaka wa 1877 alifika Munich kuendelea na masomo ya uinjenia, lakini moyo wake ulikuwa kwingine. Alimwandikia baba yake barua kuomba ruhusa ya kuacha uinjenia na kufuata fizikia, ingawa alijua kwamba njia hiyo haikuwa na hakika ya kazi wala mshahara. Baba alikubali na akaendelea kumlipia masomo.

Swali ambalo alilikataa kwanza

Mwaka wa 1878 Hertz alihamia Chuo Kikuu cha Berlin, ambako alifundishwa na Hermann von Helmholtz, mmoja wa wanafizikia wakubwa wa Ulaya wakati ule. Mwalimu aliona haraka kipaji cha mwanafunzi huyo. Mwaka wa 1879, akiwa na miaka 22, Hertz alipata medali ya dhahabu ya chuo kwa kazi yake juu ya umeme. Mwaka uliofuata, kabla ya kutimiza miaka 23, alipata cheo cha daktari wa fizikia, akabaki Berlin kama msaidizi wa Helmholtz.

Wakati huo wataalamu wa Ulaya walikuwa na ubishi mkubwa. James Clerk Maxwell, mtaalamu wa Scotland, alikuwa ameonyesha kwa hesabu kwamba nguvu za umeme na za sumaku zinaweza kusafiri pamoja kama mawimbi, kwa mwendo wa karibu kilometa 300 000 kwa sekunde. Kufwatana na hesabu hizo, hata mwangaza wa jua ni mawimbi ya aina hiyo. Lakini Maxwell alifariki mwaka wa 1879 bila mtu yeyote kuwa ametengeneza mawimbi hayo kwa umeme na kuyapima. Wataalamu wengi wa Ujerumani hawakumsadiki.

Helmholtz alimpendekezea Hertz ashughulike na swali hilo, ambalo Akademia ya Berlin ilikuwa imelitolea zawadi. Hertz alifanya hesabu, akaona kwamba hakuna chombo kinachoweza kuuchezesha umeme kwa haraka ya kutosha, kisha akakataa. Swali lakini halikumtoka akilini.

Mwaka wa 1883 alipata kazi ya kufundisha katika chuo cha Kiel. Huko hapakuwa na maabara ya kufaa, kwa hiyo alitumia karatasi na kalamu, akazisoma upya hesabu za Maxwell. Mwaka wa 1885 aliitwa kuwa profesa katika shule ya juu ya ufundi ya Karlsruhe, kusini mwa Ujerumani. Huko alikuta vyombo vingi na ukumbi mkubwa. Tarehe 31 Julai 1886 alifunga ndoa na Elisabeth Doll, binti wa mwalimu mwenzake wa shule hiyo. Walizaa mabinti wawili, Johanna na Mathilde.

Cheche ndogo upande wa pili

Miezi michache baada ya ndoa, Hertz aliona jambo dogo ambalo lilibadilisha maisha yake. Kati ya vyombo vya kufundishia kulikuwa na waya mbili zilizoviringishwa, ambazo hazikugusana. Alipopitisha umeme kwa ghafla katika waya moja na cheche ikaruka, cheche ndogo iliruka pia katika waya ya pili. Wengine wangeona ni mchezo wa darasani tu. Hertz alielewa kwamba cheche ile ilikuwa inauchezesha umeme mamilioni ya mara kwa sekunde, yaani haraka ile ile ambayo aliitafuta Berlin bila kuipata.

Alitengeneza chombo cha kutuma. Kilikuwa na fimbo mbili za chuma zilizoelekezana, na nafasi ndogo katikati. Umeme mkali ulipoingizwa, cheche iliruka katika nafasi ile. Chombo cha kupokea kilikuwa chepesi zaidi: duara la waya lililoachwa wazi kwa nafasi nyembamba sana. Hakikuwa na pili ya umeme wala waya ya kukiunganisha na chombo cha kwanza. Hata hivyo, kila mara cheche kubwa iliporuka upande mmoja wa ukumbi, cheche ndogo ilionekana katika duara upande wa pili.

Cheche hiyo ilikuwa dhaifu sana, ikabidi aitazame katika giza. Hertz alifunika duara kwa sanduku ili aone vizuri zaidi, lakini cheche ikapungua badala ya kuonekana. Alipochunguza sababu, alikuta kwamba miali isiyoonekana, iliyotoka katika cheche kubwa, ilikuwa inaisaidia cheche ndogo kuruka. Kioo cha dirisha kiliizuia miali hiyo, na jiwe la kwarzi likaipitisha. Alitangaza jambo hilo mwaka wa 1887, kisha akarudi kwenye mawimbi yake. Albert Einstein ndiye aliyelieleza mwaka wa 1905, na ni kwa maelezo hayo alipewa zawadi ya Nobel ya mwaka wa 1921.

Ukumbi wa Karlsruhe

Ilibaki kuhakikisha kwamba kitu kinachovuka ukumbi ni wimbi kweli. Hertz alipachika bamba kubwa la zinki kwenye ukuta, mbele ya chombo cha kutuma. Kama ni wimbi, alifikiri, litagonga zinki na kurudi, na litakutana na lile linalokuja. Pahali mawimbi mawili yanasaidiana, cheche itakuwa na nguvu. Pahali yanapingana, itazimika.

Alitembea na duara lake kutoka ukutani hadi katikati ya ukumbi, akipima kila hatua. Ilikuwa vile alivyofikiri. Cheche iliwaka, ikazimika, ikawaka tena, kwa vipimo vinavyolingana. Kwa kupima nafasi kati ya pahali pa kuzimika, alijua urefu wa wimbi, na kutoka hapo akaweza kukadiria mwendo wake.

Mwishoni mwa mwaka wa 1888 alitengeneza vioo viwili virefu vya zinki iliyokunjwa kama mgongo wa mtumbwi, akaweka chombo cha kutuma ndani ya kimoja na chombo cha kupokea ndani ya kingine. Sasa mawimbi yalikuwa mafupi zaidi, ya karibu sentimeta 66. Hertz aliyajaribu sawa vile mtu anavyojaribu mwangaza wa taa. Bamba la chuma liliyarudisha. Fimbo za chuma zilizopangwa kama uzio ziliyapitisha upande mmoja na kuyazuia upande mwingine. Donge kubwa la lami, la uzito wa zaidi ya kilo 500, liliyapindisha njia kama kioo kinavyopindisha mwangaza. Alipoweka chombo cha kupokea katika chumba cha jirani na kufunga mlango wa mbao, cheche ziliendelea kuonekana. Mbao haikuyazuia.

Mwezi Desemba 1888 kazi hiyo iliwasilishwa mbele ya Akademia ya Berlin. Ubishi juu ya Maxwell ulikuwa umekwisha.

Si kila kipimo kilikuwa sawa. Ukumbi wenyewe ulikuwa mdogo kwa mawimbi ya mita nyingi, na ndani yake mlikuwa jiko la chuma la kupashia joto, ambalo liliyarudisha mawimbi pamoja na kuta. Kwa sababu hiyo Hertz alipata mwendo tofauti kati ya mawimbi ya hewani na yale ya kwenye waya. Mwanahesabu Mfaransa Henri Poincaré alikuta pia kosa katika moja ya hesabu zake, na Hertz akalikubali waziwazi katika kitabu chake. Mwaka wa 1893 wataalamu wa Geneva walirudia jaribio katika ukumbi mkubwa zaidi, wakakuta kwamba mwendo ni mmoja.

Wifi ndani ya nyumba ya leo

Mawimbi ya wifi ni ya jamaa moja na yale ya Hertz, ila ni mafupi zaidi. Wimbi la 2,4 GHz linacheza mara bilioni 2,4 kwa sekunde, na urefu wake ni sentimeta 12,5. Lile la 5 GHz lina urefu wa sentimeta 6 tu.

Kwa hiyo mambo ya Karlsruhe yanajirudia nyumbani. Katika nyumba ya mbao, kama nyingi zilizojengwa Goma juu ya mawe ya volkano, wifi inavuka ukuta bila shida kubwa, sawa vile mawimbi yalivyovuka mlango wa Hertz. Lakini manjanja ni chuma kilichopakwa zinki. Ukuta wa manjanja, mlango wa chuma ao kabati ya chuma vinarudisha wimbi nyuma, kama lile bamba la zinki. Ukuta mnene wa beto wenye vyuma ndani unalipunguza sana, na ukuta wenye maji maji unalinyonya.

Hata pahali pa kuzimika papo. Wimbi linalotoka kwenye modemu linakutana na yale yaliyorudishwa na kuta, na sentimeta chache zinatosha kupita kutoka pahali penye nguvu hadi pahali dhaifu. Ndiyo sababu kusogeza ordinateri kidogo juu ya meza kunaweza kurudisha koneksio, na ndiyo sababu modemu za siku hizi zina antena zaidi ya moja.

Namba mbili za modemu nazo zinaeleweka kwa njia hiyo. Wifi ya 2,4 GHz inafika mbali zaidi na inavuka kuta vizuri zaidi, lakini inabeba habari polepole, na majirani wengi wanaitumia, hivi inajaa haraka. Ile ya 5 GHz inabeba mengi kwa haraka, lakini inachoka mbele ya ukuta. Ordinateri iliyo chumba kimoja na modemu inafaa kushika 5 GHz. Ile iliyo chumba cha mwisho inafaa kushika 2,4 GHz. Neno la siri likiwa sawa na ordinateri ikakataa bado, mara nyingi shida iko kwenye pahali modemu imewekwa: chini, nyuma ya televisheni, ao kando ya bati. Kuiweka juu, katikati ya nyumba, mbali na chuma, ni dawa ya kwanza.

Barua ya injenia wa Munich

Sifa za Hertz zilienea Ulaya. Mwaka wa 1889 alihamia Chuo Kikuu cha Bonn kama profesa, na mwaka wa 1890 chama cha wataalamu cha London, Royal Society, kilimpa medali ya Rumford. Lakini hakuandikisha haki ya uvumbuzi yoyote, wala hakutafuta biashara. Alilotaka ni kujua kama Maxwell alisema kweli.

Mwezi Desemba 1889, injenia mmoja wa Munich, Bwana Huber, alimwandikia kuuliza kama mawimbi hayo yanaweza kutumiwa kwa telefone. Hertz alijibu kwamba haiwezekani. Sauti ya mtu inatikisika polepole sana, alieleza, na wimbi la umeme lenye mwendo huo wa polepole lingekuwa na urefu wa mamia ya kilometa, hata lingehitaji kioo chenye ukubwa wa bara zima.

Hesabu yake ilikuwa sawa. Kitu ambacho hakukifikiria ni kuibebesha sauti juu ya wimbi la haraka, kama abiria juu ya gari. Radio ilikuja kufanya hivyo, na wifi inafanya hivyo hadi leo: habari za ordinateri zinabebwa na wimbi la 2,4 ao 5 GHz.

Mwaka wa 1892 Hertz alianza kuumwa. Maumivu yalianza katika pua na meno, yakaenea kichwani, na alipasuliwa mara kadhaa bila kupona. Siku hizi wataalamu wanafikiri ulikuwa ugonjwa wa mishipa ya damu ambao wakati ule haukujulikana. Aliendelea kufundisha hadi mwezi Desemba 1893. Mwezi huo aliwaandikia wazazi wake barua, akiwaomba wasisikitike kupita kiasi bali wajivunie kidogo, kwani aliona maisha yake mafupi yalitosha. Wiki tatu baadaye alifariki. Alizikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf. Kitabu chake cha mwisho, juu ya misingi ya mekanika, kilitoka mwaka ule ule wa 1894.

Jina ambalo walijaribu kulifuta

Wengine walichukua pale alipoachia. Édouard Branly wa Ufaransa alikuwa amekwisha kupata njia bora ya kuyapokea mawimbi. Oliver Lodge wa Uingereza aliyaonyesha mbele ya watu mjini London mwaka wa 1894. Mwaka huo huo kijana Mwitalia, Guglielmo Marconi, alisoma habari za kazi ya marehemu Hertz na kuanza majaribio nyumbani kwa wazazi wake. Mwezi Desemba 1901 alitangaza kwamba ishara zimevuka bahari ya Atlantiki. Kabla ya vita ya kwanza ya dunia, Wabelgiji pia walikuwa wamekwisha kujenga katika Kongo vituo vya TSF, telegrafu isiyo na waya.

Karibu mwaka wa 1930, wataalamu wa umeme wa inchi mbalimbali walikubaliana kukiita hertz kipimo cha mara ambazo wimbi linacheza kwa sekunde. Miaka michache tu baadaye, Wanazi walichukua utawala wa Ujerumani. Kwao, asili ya baba ilitosha kumhesabu Hertz kuwa Myahudi. Picha yake iliondolewa katika nyumba ya mji wa Hamburg, na taasisi ya utafiti ya Berlin iliyoitwa kwa jina lake ikabadilishwa jina. Binti yake Mathilde, mtaalamu wa tabia za wanyama, alikatazwa kufundisha katika Chuo Kikuu cha Berlin. Yeye, dada yake na mama yao, mjane wa Hertz, walikimbilia Uingereza katika miaka hiyo ya 1930.

Kipimo lakini kilibaki. Radio zote za dunia, pamoja na zile za Ujerumani, zilihitaji kutaja masafa yao, na mwaka wa 1960 mkutano wa dunia wa vipimo ulilikubali rasmi neno hertz. Taasisi ya Berlin ilirudishiwa jina lake baada ya vita.

Mwaka wa 1985 serikali ya Marekani iliruhusu vyombo vidogo kutumia masafa kama yale ya 2,4 GHz bila kuomba leseni. Mwaka wa 1997 kanuni ya kwanza ya wifi ilitolewa, na miaka miwili baadaye vyombo vyake vikaanza kuingia katika nyumba za watu. Zaidi ya miaka 100 ilikuwa imepita tangu profesa mmoja wa Karlsruhe atembee gizani na duara la waya mkononi, akitafuta pahali cheche inawaka na pahali inazimika.